Papa Amefika

Mwanangu Blandina alinikataza kwenda. Alisema magoti yangu hayafai tena kwa safari ya kupanda Newala, akataja sukari, akataja presha, akasema siku hizi rambirambi hutumwa kwa simu na hakuna anayenuna. Nilimsikiliza mpaka akachoka, kisha nikakunja khanga zangu, nikatia na korosho za kutafuna njiani, nikatoka Masasi asubuhi hiyohiyo. Aliyekufa ni Baba Saidi wa Kitangari, na khitma yake ya arobaini ingesomwa hata nisipokuwapo, najua. Lakini ni mimi niliyewahi kumtangaza mtu yule kuwa samaki, tena mbele ya mama yake mzazi, na mtu uliyemfanyia hivyo huwezi kumzika kwa simu.

Kisa chenyewe kilisimuliwa palepale msibani, baada ya dua, wali ukiwa umeshapakuliwa. Alisimulia Saidi, mtoto wa marehemu, ambaye siku hizi naye ni mzee wa mvi na watu wanampa shikamoo. Hakuwapo siku ile. Alisimuliwa na baba yake. Vijana walicheka mpaka wakaacha kula, kisha wakanigeukia kuniuliza kama ni kweli au Mzee Saidi ametia chumvi. Nikawaambia ni kweli, ila anakisimulia vibaya. Yeye anakifanya kichekesho tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikuwapo jikoni, na naapa kwamba kabla hakijawa kichekesho kilikuwa vita. Ndiyo maana nimekaa chini kukiandika. Sitaanza na nilizaliwa na nani na babu yangu alitokea wapi. Wanaopenda hayo watayapata kwa wengine. Nautaka mwaka mmoja tu, ule uliofuata nilipomaliza darasa la saba Lukuledi, majina ya waliochaguliwa kuendelea na masomo yakasomwa na langu halikuwemo, nikapelekwa Kitangari kwa Bibi Somoe, mpishi wa shughuli, ili nisikae bure. Alikuwa nani kwangu? Tuseme ndugu. Kwetu hilo linatosha, na kama kwenu halitoshi, poleni.

Nilifika kwake jioni, miguu imejaa vumbi jekundu, nikamkuta jikoni akikuna nazi. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, kuta zimeshika moshi wa miaka mingi mpaka zinang'aa, masufuria makubwa ya shughuli yamepangwa ukutani, na juu ya mafiga chungu cha kunde kinachemka taratibu. Wanawake watatu hivi walikuwa mkekani wakichambua mchele. Nikapiga goti kama nilivyofundishwa, nikasema, "Shikamoo, pipi." Hapa inabidi nieleze. Sisi Wamakua lugha yetu haina b, haina d, haina g, kwa hiyo Kiswahili chetu cha utotoni hutoka kimekazwa: gari ni kari, dawa ni tawa, na bibi, bila ubaya wowote, ni pipi. Wanawake wale waliangua kicheko, mmoja akamwaga ungo mzima wa mchele. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi Somoe peke yake hakucheka. Aliweka kifuu chini, akanyoosha mkono, akautafuta uso wangu mpaka akaupata, akanishika shavu. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Ila mimi utamu ulishaniisha siku nyingi. Pipi ni wewe." Tangu siku hiyo Kitangari nzima iliniita Pipi, na mpaka leo wapo wasiojua kama nina jina la ubatizo.

Kwa aibu nilianza kujirekebisha, nikarekebisha hata visivyohitaji. Nikaomba niletewe bilibili. Nikatangaza kwamba wali umeshabikwa. Wakacheka zaidi. Siku moja Bibi Somoe alipiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, akasema, "We Pipi, acha kujitesa. Sema unavyosema. Mwenye njaa atakuelewa." Baadaye maishani nimekutana na watu wenye vyeo walionicheka kwa herufi hizo mbili tatu, na kila mara nimewajibu kwa p yangu nzima, tena kwa makusudi, huku nikiwapakulia. Wote walielewa.

Maisha ya pale yalikuwa ya kutembea. Juu ya uwanda ule hakuna mto. Maji tuliyafuata bondeni, tukapanda nayo kichwani huku shingo imekazana na pumzi imekwisha, na kwa sababu hiyo hakuna tone lililomwagwa bure: maji ya kuoshea mchele yaliloweka kunde, ya kunawa yalinyweshwa kuku. Kuni tulizifuata porini, mboga porini, na porini ndiko tulikochimba ming'oko. Ming'oko ni mizizi myembamba inayotaka jembe dogo na subira kubwa. Ukiichemsha kwa chumvi kidogo ukaimenya ingali ya moto, hutauliza tena habari za viazi. Wapo waliokiita chakula cha njaa. Bibi Somoe alikipeleka mpaka harusini, akakiweka kwenye sinia pamoja na kuku, na mtu akikunja uso alimwambia, "Njaa ni ya kwenu huko. Hapa ni chakula cha wageni." Kisamvu chake alikitwanga mwenyewe, akakipika na karanga na tui zito. Mchuzi wake wa korosho mbichi zilizosagwa ulikuwa mweupe, mzito, na ukimwagika juu ya ugali wa muhogo ulibaki palepale bila kukimbilia pembeni. Nilikuwa na miaka ya kula, nikala. Nilipanuka mwaka ule, na sijawahi kujutia hata kilo moja.

Ilikuwa porini, tukichimba hiyo ming'oko, nilipojua. Nilimwona amepiga magoti mbali kabisa na shina, jembe linapiga udongo mtupu, na uso wake umetulia kama mtu anayejua anachofanya. Nikamwambia, "Bibi, mmea uko huku." Jembe likasimama. Alikaa chini, akafuta mikono kwenye khanga, akasema kwa sauti ileile aliyoniagizia chumvi, "Unauona wewe. Mimi naona mwanga na kivuli, basi." Nikauliza kama Baba Saidi anajua. Baba Saidi alikuwa mwanawe wa pekee, mtu wa kazi mjini Mtwara, mwenye nyumba ya bati na kibaraza cha saruji, na alikuwa akimtaka mama yake ahamie huko tangu alipofiwa na mume. "Akijua, kesho yake niko Mtwara," akasema Bibi. "Atanikalisha kwenye kiti pale kibarazani, mkewe ataniletea uji, watu watapita wanipe pole. Sitakufa, Pipi. Nitakaa tu. Na wewe utarudi Lukuledi, nako utakaa tu." Akashika tena jembe. "Mimi sijazaliwa kukaa." Niliogopa, maana nilikuwa mtoto na nilidhani upofu ni kitu cha kuomboleza, lakini yeye alikuwa na hasira, na hasira ile ilinipa nguvu kuliko machozi yoyote. Nikamwahidi kwamba hatajua mtu.

Tukatengeneza utaratibu wetu. Njiani mimi nilibeba sufuria kubwa kichwani juu ya ngata, yeye akanishika bega, na mtu aliyetutazama aliona bibi anayemsaidia mjukuu mzigo usimwangukie. Nikimwona mtu mbele, nilinong'ona jina lake kabla hajatufikia. "Mama Fatu," ninong'one, na kabla Mama Fatu, jirani yetu, hajafungua kinywa, Bibi alishamwahi: "Mama Fatu, hujambo? Mbona leo mapema hivyo?" Watu walisifu macho yake. Jikoni nilimtajia rangi ya vitunguu, na kimo cha moto, na nani anachungulia mlangoni. Mengine yote aliyajua kwa pua na masikio, na mara nyingi alinijibu kabla sijasema. Kuna mchana mmoja tulipita Newala mjini, akataka tufike Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde lote la Ruvuma linabaki chini ya miguu yako. "Niambie," akasema. Nikamwambia naona miti midogo, naona mawingu yako usawa wetu, naona mto mbali, mwembamba. "Na moshi," akasema. "Mbona huutaji? Watu wanachoma mashamba, nausikia." Nikatazama vizuri, kweli, moshi ulikuwepo. Tulikaa pale tukala mihogo ya kuchoma na nazi, upepo unatuvua khanga, na nikafikiri hakuna mwanafunzi wa sekondari yoyote aliyekuwa na furaha kama yangu siku ile. Ninaendelea kufikiri hivyo.

Na sherehe! Mwaka ule hatukukosa hata moja. Watoto walipotoka jandoni tulipika ugali wa kulisha vitongoji vitatu, ngoma zikipigwa nje na mapiko yakitoka na vinyago vyao usoni, akina mama wakipiga vigelegele, na Bibi Somoe alitoka jikoni na mwiko mkononi akacheza sindimba mpaka wanawake wenye umri wa wanawe wakampisha. Idi ikaja wakati wa mabibo, yale matunda ya mikorosho, hewa yote inanuka mabibo yaliyoiva mpaka yakadondoka, tukaamka kuchoma vitumbua na mikate ya kumimina, tukapika pilau, na Mama Anjelina akaja kutoka Makote kutusaidia. Mama Anjelina alikuwa Mkristo wa kwaya, shoga yake Bibi Somoe wa tangu usichana. Kila Idi alikuja Kitangari, na kila Krismasi Bibi Somoe, Mwislamu wa swala tano, alikwenda Makote kusimamia sufuria zake. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa Idi hiyohiyo, nikiosha sinia nyuma ya jiko, nilipowasikia wanawake upande wa pili wa ukuta. "Yule bibi siku hizi hambanduki yule binti," akasema mmoja. Sauti ya Mama Fatu ikajibu, "Kaanza kupapasa. Nimemtumia salamu mwanawe, aje amwone mwenyewe. Isije ikasemwa kwamba sikuona." Sinia lilinitoka mkononi. Nikamweleza Bibi, naye akaendelea kupakua pilau, akasema tu, "Basi usiache kunong'ona."

Krismasi ikakaribia. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, njia ni tope, korosho zimeshavunwa, na kila nyumba ilikuwa na kitu cha kuchinja. Lakini chakula kilichowafanya watu watembee kutwa nzima kwenda kwa Mama Anjelina hakikuwa mbuzi wala kuku. Kilikuwa papa mkavu, papa wa kutoka pwani, aliyelowekwa usiku mzima akapikwa kwa tui na pilipili na embe mbichi, kwa mkono wa Bibi Somoe. Papa huyo huagizwa Mtwara kwa dereva wa lori, na mwaka ule alichelewa. Siku ya kuamkia safari yetu tulikuwa tumefunga kila kitu, masufuria yamepangwa mlangoni, wanawake wamejaa jikoni wakikaanga korosho za kubeba, na Bibi alikuwa haulizi jambo jingine. "Papa hajafika?" Bado. "Mmetazama barabarani?" Tumetazama. "Papa atatuaibisha mwaka huu. Nitasema nini kwa Mama Anjelina?"

Mimi nilikuwa uani nikigeuza mchele uliopata unyevu. Nikamwona mwanamume wa makamo akizunguka nyumba, shati jeupe, viatu mkononi kwa sababu ya tope, begi begani. Sikuwahi kumwona, lakini paji la uso lilikuwa la Bibi Somoe mwenyewe. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. Pengine alitaka kumfanyia mama yake mshangao wa sikukuu, pengine alikuja kumpima. Mpaka anakufa hakukubali kwamba ni la pili. Nikatupa ungo nikakimbia. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jina lile miezi mingi, porini, kisimani, kitandani, nikiikaza midomo: Baba Saidi, Baba Saidi. Niliweza kulitamka kama mtangazaji wa redio. Lakini nilipofika jikoni pumzi zimenikauka, na yeye alikuwa ameshaingiza mguu mlangoni nyuma yangu, hapakuwa na nafasi ya jina zima, na ulimi ukakimbilia kwao Lukuledi. Nikamwinamia sikioni nikasema, "Pipi, papa amefika."

Uso wa Bibi Somoe ulifunguka. "Alhamdulillahi!" akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili. "Nilishakata tamaa naye. Ni mkubwa?" Baba Saidi alikuwa amesimama mbele yake kabisa, mwanga wa mlango umempiga, mama yake amemtazama usoni. "Mbona kimya? Mleteni nimpapase. Yule wa mwaka jana alikuwa ananuka, sijui walimweka wapi." Nikamvuta khanga, akaiondoa mkononi mwangu. "Huyu mkateni vipande, mumloweke mpaka kesho, chumvi yote imtoke. Kichwa kitupeni. Kichwa chake sina kazi nacho." Korosho zilikuwa zinaungua kikaangoni na hakuna aliyezigusa. Mama Fatu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Kisha Baba Saidi akasema, kwa sauti iliyokatika katikati, "Shikamoo, mama."

Sijawahi kuona mtu akizeeka na kurudi ujana kwa wakati mmoja, isipokuwa siku ile. Mabega ya Bibi yalianguka, halafu yakapanda. "Marahaba," akasema. "Umemleta papa?" "Papa yuko kwenye lori, barabarani," akajibu mwanawe. "Aliyefika ni mimi." "Basi wewe kichwa baki nacho," akasema Bibi. Mwanamke mmoja alitoa sauti ndogo ya kicheko akajiziba mdomo. Baba Saidi hakucheka. Alikuwa analia, na ninataka iandikwe hivyo, maana Saidi huwa anairuka sehemu hii. "Mama, huoni." "Sioni." "Tangu lini?" "Tangu mvua za mwaka jana." "Na hukuniambia, mama? Mimi mwanao?" "Ningekwambia ili unifanye nini? Unikalishe?" Akajibu kwamba ndiyo, amkalishe, ndiyo kazi ya mtoto kumkalisha mama yake, na kwamba kesho wanashuka Mtwara, yeye na mama yake, na habari ya Makote imekwisha. "Kesho nakwenda Makote," akasema Bibi. Baba Saidi akawageukia wanawake wote. "Jamani, nani hapa atamwachia moto mtu asiyeona? Nani? Aseme." Wote walikuwa wamekula mkononi mwa Bibi mwaka mzima, na wote walitazama kikaango. Nilikuwa mtoto, mgeni, sikuchaguliwa, na dakika hiyohiyo nilikuwa nimeharibu kila kitu kwa herufi moja. "Mimi," nikasema. "Nitamwachia." Akaniuliza mimi ni nani. "Pipi," nikasema. Hapo ndipo jikoni kulipopasuka kwa kicheko, cha uchovu na cha woga, na Bibi Somoe alicheka kuliko wote.

Hakuna aliyelala vizuri nyumba ile. Asubuhi Bibi aliamka, akaswali, akajifunga khanga mpya, akaomba fimbo. Hakuwahi kuishika mbele ya watu. Nikabeba sufuria, yeye akaniweka mkono begani, na kabla hatujatoka uani akasema, "Leo usininong'oneze. Nimechoka kunong'onezwa kama mwizi. Ukimwona mtu, mtaje kwa sauti, naye asikie." Baba Saidi alikuwa kizingitini na kikombe cha chai. Tukampita. Alisema, "Mama," mara moja tu, na mama yake hakugeuka. Njiani watu walikuwa wameshapata habari, maana habari Kitangari hazihitaji gari, na walikuwa wamesimama mbele ya nyumba zao kumtazama mwanamke ambaye wiki iliyopita walimsifu kwa macho makali. Nikasema kwa sauti, "Mama Fatu yuko kushoto." Bibi akasimama. "Mama Fatu, sikuoni, lakini nasikia unavyotazama. Hujambo?" Mama Fatu akajibu hajambo, kwa sauti nyembamba. "Na watoto?" Hawajambo. "Haya, sikukuu njema." Tukaendelea. Mkono wake begani mwangu ulikuwa umenikaza mpaka nikaumia, na nilijua ni mimi peke yangu ninayelijua hilo, na sikumwambia mtu mpaka leo.

Tulikuwa tumeshapita mashamba ya mihogo, tope linavuta miguu, mikorosho imefunga pande zote mbili, niliposikia mtu anakuja nyuma yetu kwa haraka. Harufu ilitufikia kabla ya mtu. Nikageuka na sufuria yangu kichwani. Baba Saidi alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, shati jeupe limelowa jasho na mafuta, na begani kwake kulikuwa na furushi la majani ya mnazi likitoa mkia mgumu mweusi upande mmoja. Bibi alivuta pumzi. "Pipi, nani huyo nyuma?" Safari hii nilikuwa na pumzi na nilikuwa na muda, na ningeweza kulitamka jina lile kama mtangazaji wa redio. Nikaamua nisilitamke. "Papa," nikasema. "Papa yupi?" akauliza. "Wote wawili," nikajibu.

Makote alimkata samaki yule yeye mwenyewe, mtu wa mjini, amechuchumaa juu ya gogo, mama yake akimwelekeza ukubwa wa vipande na Mama Anjelina akimtania kwamba anamkata ndugu yake. Asubuhi ya Krismasi watu walirudi kanisani wakakuta harufu imefika njia panda. Wakala papa wa nazi, wakala mbuzi, wakala ming'oko, Waislamu na Wakristo sinia moja, watoto wanakimbia na midomo inayong'aa mafuta, kwaya inaimba na ngoma inaijibu. Bibi Somoe alikaa mbele ya mafiga akiwa ametawala kama zamani, sasa akiuliza kwa sauti kubwa kila alichotaka kujua, na kila aliyeulizwa alijibu. Baba Saidi alikula mpaka akalegeza mkanda. Habari ya kushuka Mtwara haikutajwa siku ile wala kesho yake. Alipoaga aliuliza tu Idi ijayo itakuwa ya nani, na samaki waletwe wangapi. Bibi aliendelea kupika miaka mingi baada ya hapo, bega likibadilika kadiri wasichana walivyoolewa, na alikufa Kitangari, nyumbani kwake, baada ya kulalamika kwamba uji umekosa chumvi.

Sasa niseme lililonichoma pale kwenye khitma. Watu walipomaliza kucheka, Saidi alinisogezea bakuli la maji ya kunawa. Nikanyoosha mkono, nikashika hewa. Nikajaribu tena, nikashika ukingo wa mkeka. Akaniinamia, mtoto yule wa Baba Saidi, akaninong'oneza, "Shangazi Pipi, huoni?" Nami nikamwambia, "Nyamaza." Nilimwambia hivyo kwa ukali, na njia nzima ya kurudi Masasi neno hilo lilinifuata. Mimi, niliyekuwa bega! Kumbe miaka miwili hii nimekuwa nikimtuma mjukuu anitungie uzi kwenye sindano na kusingizia uvivu, nikiwaamkia watu kwa sauti zao na kujifanya nimewaona, nikiandika hata kurasa hizi kwa kalamu ya wino mzito. Na yote kwa kuogopa kibaraza. Bibi Somoe angenipiga na mwiko.

Basi Blandina, kwa kuwa ni wewe utakayeyasoma haya kabla ya wengine, soma na hapa. Jicho la kulia limekwisha na la kushoto linalifuata. Najua utasema mtoto wa jicho siku hizi hutolewa, na mimi nitakwenda kwa daktari, sina ugomvi na daktari. Lakini akiweza na asipoweza, Krismasi nakwenda Makote. Wajukuu wa Mama Anjelina wameshanialika, sufuria nimeshaisugua, na papa nimeshaagiza. Usiniwekee kiti. Ninachotaka ni bega, na nimelichagua la kwako. Tukiwa njiani usininong'oneze. Ukimwona mtu, mtaje kwa sauti, naye asikie.